Terence Ranger: profesa aliyefukuzwa Rhodesia, akaja Dar, akaandika jando la Masasi

Mwana_Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kila msimu wa jando ukikaribia, humu ndani ugomvi ni uleule. Kundi moja linasema hii ni mila ya tangu na tangu, iachwe kama ilivyo. La pili linasema imepitwa na wakati, ipigwe marufuku. Nikiwasoma nyote naona mnagombea kitu ambacho hakijawahi kukaa mahali pamoja. Yupo mwanahistoria aliyelionyesha hilo kwa mfano wa Masasi yetu hii hii, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Wasomi wa Afrika dunia nzima wanamjua, ila ukimtaja hapa Mtwara mjini utaulizwa anacheza winga timu gani. Anaitwa Terence Ranger. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

Ranger alizaliwa London 1929 na kusoma Oxford. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu haukugusa Afrika hata kidogo, ulimhusu Richard Boyle, bwana mmoja wa Kiingereza aliyejikusanyia ardhi na vyeo huko Ireland karne ya 17. Msimamizi wake alikuwa Hugh Trevor-Roper. Shikilieni hilo jina, litarudi.

Mwaka 1957 akapata kazi katika chuo kikuu kipya cha Salisbury (leo Harare), Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Alikwenda kufundisha historia ya Ulaya. Haikuchukua muda akawa ndani ya siasa za Waafrika, akajiunga na vyama vyao, akashiriki kampeni za kupinga ubaguzi mahotelini na kwenye mabwawa ya kuogelea. Kwenye moja ya maandamano hayo Mzungu mmoja alimsukuma bwawani na nguo zake zote. Mapema 1963 serikali ikamfukuza nchini.

Sisi tukampokea. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa 1961, na Ranger akawa profesa wa kwanza wa historia pale. Sasa sikilizeni: mwaka huohuo 1963, yule mwalimu wake Trevor-Roper alikuwa Uingereza akitoa mihadhara, akasema historia ya Afrika haipo, iliyopo ni ya Wazungu ndani ya Afrika, na kwingine kote ni giza. Mwalimu anasema giza, mwanafunzi anapanga ratiba ya vipindi Dar.

Nikipumua nitaendelea. Masasi inakuja.

KoroshoGhafi

Mnada wa kwanza bado, muda tunao. Shusha mkuu.

Nyangao1917

Mkuu kabla hujafika mbali. Mimi nina kero moja. Kwa nini kila tukitaka historia ya Kusini lazima mlango awe Mzungu? Gilbert Gwassa mbona humtaji? Kilwa, Kibata, Nandete, Ngarambe kwa Kinjikitile, yule mganga wa maji ya vita ya Maji Maji, kote huko ni kazi yake. Au kwa sababu hakuishia Oxford?

Mwana_Shangani

Swali la haki kabisa mkuu, na jibu lake ndiyo sehemu ya hadithi yenyewe. Gwassa alikulia kitaaluma katika idara hiyohiyo. Yeye na John Iliffe walikusanya na kuchapisha kumbukumbu za Maji Maji mwishoni mwa miaka ya 1960, na tasnifu yake ya Maji Maji aliiwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1973. Mwaka 1968 wanafunzi walianza kutawanywa vijijini kuwahoji wazee walioiona vita au waliosimuliwa na walioiona. Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri historia ya Tanzania iliyotoka 1969. Humo Ranger ana sura moja tu, kama wachangiaji wenzake.

Kwa hiyo simleti kama mlango. Namleta kwa sababu ndiye aliyetoka Dar akaenda kuingia kwenye makaratasi ya Masasi, wakati wengi walikuwa wanakimbilia Maji Maji na TANU. Tena hata Maji Maji aliigusa kwa upande ambao wenzake waliupita haraka. Mwaka 1966 aliandika makala ya semina kuhusu harakati za kuondoa uchawi kati na kusini mwa Tanzania, na jinsi zinavyohusiana na vita ile. Maana yake maji ya Kinjikitile yaliwafikia watu ambao tayari walijua dawa ya kunywa kijiji kizima ni kitu gani.

Nyangao1917

Hapo umenipa. Endelea, lakini nakutazama.

Mwana_Shangani

Sehemu ya pili, Masasi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao Unguja, alishuka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye ile milima ya mawe ya Masasi wakaona hapa panatosha, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wakawavamia, na sehemu ya watu ikahamia Newala kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Mwaka 1905 wapiganaji wa Maji Maji wakaiteketeza misheni. Nayasema haya ili mwone Masasi ilikuwa na watu wa aina gani: Wamakua, Wayao, Wamakonde, Wamwera, na waliotoka sokoni Unguja ambao hata kwao hawakupakumbuka vizuri. Atakayesema mila ya Masasi ni moja, aniambie ni ya nani kati ya hao.

Sasa tatizo la misheni. Kijana wa Kikristo asiyeingia jando hana pa kuketi. Hapewi mke, haitwi kwenye shauri, anatukanwa na wadogo zake. Akiingia, anakutana na matambiko ya wahenga, na kanisa linamtenga. Kila mwaka wanafunzi wanapungua darasani, na kila mwaka padri anagomba.

Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi mwaka 1926, akaja na jibu lingine: jando lisipigwe marufuku, libatizwe. Ngariba abaki, kambi ya porini ibaki, wali, yaani vijana wanaotahiriwa, wakae huko na kufundishwa, lakini kasisi awepo, sala ziwepo, na msalaba usimame palipokuwa pa tambiko. Mwaka 1928 alichapisha maelezo ya jambo hilo, na wamisionari wengi nje ya Masasi wakaanza kuitaja Masasi kama mfano.

Ranger anaingia hapo. Mwaka 1972 yeye na Kimambo walihariri kitabu kuhusu historia ya dini za Afrika, zao la mkutano uliofanyika Dar 1970. Makala ya Ranger humo ni ya Masasi. Angeweza kumsifu askofu mwerevu aliyeheshimu mila, akamaliza. Yeye aliuliza: hiyo kazi kambini ilifanywa na nani hasa? Akaingia kwenye makabrasha ya UMCA, akasoma na kumbukumbu za Kolumba Msigala, kasisi Mwafrika wa huku aliyeandika maisha yake mwenyewe. Anachokiona ni makasisi na walimu Waafrika wakibishana, wakichagua, wakiamua kipi kiende na kipi kibaki. Wao walikuwa wameshapita jandoni, na Lucas hakupita. Askofu aliidhinisha, wenyeji ndio waliojua wapi pa kukata.

Hapa nasema yangu, si ya Ranger: hata jando ambalo misheni ililiona kuwa la kale lilikuwa limeshageuka. Jando la Wayao lilikuwa linasambaa kwa majirani, na pwani ilishaanza kulitia Uislamu. Misheni ilikuwa mkono mmoja kati ya mikono mingi iliyopita hapo.

Mwl_Mstaafu_Lulindi

Wanangu, nasoma kimya tangu jana. Haya anayoyasema kijana wetu si ya vitabuni tu. Mimi niliingia jando la kanisa. Padri alikuja asubuhi na kanzu yake nyeupe, ngariba akakaa pembeni kamuinamia, na sala ilipokwisha ngariba akafanya kazi yake. Jioni sala tena. Padri akishakwenda kulala, nyimbo zilizoanza hazikuwa kwenye kitabu chochote cha kanisa. Zilikuwa zilezile alizoimba baba yangu. Aliyetufundisha usiku ndiye aliyetuongoza sala mchana, alikuwa katekista.

Kwa hiyo huyo Ranger kama aliandika kuwa wenyeji ndio walioshika usukani, hakukosea.

KoroshoGhafi

Shikamoo mwalimu. Katekista zamu mbili. 😂

Mwl_Mstaafu_Lulindi

Marahaba. Na alikuwa mkali zamu zote mbili.

Binti_Nachingwea

Shikamoo mwalimu, wengine habari zenu. Jando mmelisema vizuri, haya, na unyago je? Au huyo profesa naye aliishia kwa wavulana kama wanaume wa humu?

Mwana_Shangani

Dada hapo ndipo makala yenyewe inapopata shida, na kwa maoni yangu ndipo penye utamu. Misheni ilijaribu kuwafanyia wasichana hivyohivyo, ikaona ugumu. Kwa wavulana kulikuwa na makasisi Waafrika waliopita jandoni. Kwa wasichana, kanisa halikuwa na kasisi mwanamke. Masista na mabibi wa misheni walikuwa Wazungu wasioolewa, na kungwi hatamweleza asiyeolewa mambo ya ndoa. Kwa hiyo ujuzi ukabaki kwa makungwi, misheni ikabaki inasimamia mlango. Ranger mwenyewe alitegemea karatasi zilizoandikwa na watu wa mlangoni.

Binti_Nachingwea

Basi tuseme wazi kwamba nusu ya Masasi haimo.

Mwana_Shangani

Naafiki, haimo.

Ila hakuishia hapo na Kusini. Mwaka 1979 alichapisha makala kuhusu kuinuka na kuanguka kwa watawala wa ukoo wa Matola, Newala. Inafaa kusomwa na kila anayedhani machifu wetu walikuwa wafalme wa kutisha tangu enzi. Wazungu walimwona Matola kama mfalme waliyemtamani, wakamwandika hivyo. Hali halisi ilikuwa ya mtu anayekusanya watu wa makabila mbalimbali na kuwashika kwa ulinzi na maelewano. Mwaka 1981 akaandika tena, sasa kuhusu tiba za misheni kusini-mashariki kati ya 1900 na 1945. Wamisionari waliamini sindano itaua imani ya waganga. Watu wakaipenda sindano, na mganga wakaendelea kwenda kwake. Nani hapa hana shangazi wa hivyo?

Nyangao1917

Mimi nimemjulia kwingine. Si ndiye aliyeandika kitabu cha ngoma ya beni? Babu alikuwa anasimulia vyama vya ngoma hiyo, Marini na Arinoti, jinsi walivyogombana kwa sare na vyeo, mtu analima muhogo lakini kwenye ngoma yeye ni Jenerali.

Mwana_Shangani

Ndiye. Kitabu cha 1975. Beni ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890 na vita ya kwanza ya dunia ikaisambaza, kwa maana askari na wapagazi walikwenda nayo. Jina lako lenyewe linasema: mapigano ya Mahiwa na Nyangao yalikuwa Oktoba 1917, na mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma. Eneo zima lilikuwa njia ya wapagazi. Wazungu wa utawala walipoiona beni, baadhi wakaogopa ni njama za siasa, wengine wakacheka kuwa Waafrika wanaiga. Ranger alikataa yote mawili. Alionyesha vyama vyenye michango, misaada ya mazishi, mashindano ya mitaa na viongozi wa kuchaguliwa. Kwangu hiki ndicho kitabu chake kinachosomeka kwa raha kuliko vyote, na ndicho kinachotajwa kidogo.

Sehemu ya tatu, kitabu kilichompa jina. Mwaka 1983, yeye na mwanahistoria Eric Hobsbawm, walihariri mkusanyiko uitwao The Invention of Tradition. Hoja kuu ni kwamba mambo mengi yanayoitwa ya kale ni ya juzi, yalitungwa kwa sababu fulani na watu fulani. Sura ya sketi za Waskoti iliandikwa na nani? Trevor-Roper, yuleyule wa giza. Kwenye jalada moja na mwanafunzi wake, ambaye sura yake ni ya Afrika.

Ranger anasema Wazungu wakoloni walileta mila zao walizozitunga wenyewe, sherehe za kifalme na sare na paredi, kisha wakatafuta "mila" za Waafrika, wakaziandika, na zilipoandikwa zikaganda. Zamani ungeweza kubishana na mzee na desturi ikapinda. Ikishaingia kwenye daftari la bwana shauri haipindi tena. Halafu anauliza nani alifaidi. Wazee dhidi ya vijana, wanaume dhidi ya wanawake, machifu wakuu dhidi ya raia wao, wenyeji dhidi ya wahamiaji.

Madai yangu, na mnipinge: mawazo haya hayakuanguka kutoka mbinguni 1983. Ukisoma Masasi ya 1972 na beni ya 1975, unaona anayapima. Masasi alikutana na mila inayofumwa upya mbele ya macho ya watu, na kila mmoja akiapa ni ya kale.

Mwl_Mstaafu_Lulindi

Neno "kutungwa" mimi linanichoma, mwanangu. Kana kwamba tulidanganywa. Mimi nilikatwa kweli, nilifundishwa kweli.

Mwana_Shangani

Mwalimu, si wewe peke yako. Wanahistoria wenzake nao walimbana kwa hilo: anawafanya wakoloni watunzi na Waafrika wapokeaji. Mwaka 1993 aliandika kuirudia hoja yake, akakubali kwamba alielemea upande mmoja. Akasema mila huwaziwa na wengi, kwa muda mrefu, na Waafrika walikuwa ndani ya kazi hiyo. Ukiniuliza, alirudi Masasi. Makala ya 1972 ilishayasema hayo, ile ya 1983 ikayasahau.

Binti_Nachingwea

Mimi sichomwi. Mimi nataka ile orodha ya waliofaidi. Mkitaka kumtoa binti shule kwa ajili ya unyago mnasema mila. Akitaka kurithi mikorosho aliyoipanda mama yake, mnasema mila. Na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera wote ni watu wa upande wa mama! Hiyo mila ya kumnyima iliandikwa daftari gani?

KoroshoGhafi

Dada kwa mikorosho umegusa penyewe. Natoka kidogo.

Nyangao1917

Rudi kwenye mapungufu, mkuu, maana sasa unampamba. Huyu bwana si alisemwa sana kwa kitabu chake cha uasi wa Rhodesia?

Mwana_Shangani

Alisemwa, na kwa haki. Kitabu cha 1967 kuhusu uasi wa 1896 na 1897 kilidai viongozi wa dini ya Mwari na waganga wa mizimu ndio walioiunganisha vita. Mwaka 1977 Julian Cobbing alipitia ushahidi kwa upande wa Wandebele, akaonyesha kwamba madai hayo hayasimami. Na mwaka 1968 Ranger alikuwa ameandika makala mashuhuri akiunganisha vita za mwanzo za kupinga ukoloni moja kwa moja na vyama vya kudai uhuru. Wengi waliona ni kamba fupi iliyovutwa mpaka ifike TANU. Mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper wakaishambulia shule nzima ya Dar kwamba ni wanahistoria wanaoitafutia serikali taifa. Pale Dar kwenyewe akina Walter Rodney nao walikuwa na maswali mengine kabisa, ya uchumi na matabaka.

Kinachonivutia ni mwisho wake. Aliondoka Dar 1969, akafundisha Los Angeles, Manchester, kisha Oxford 1987 hadi 1997, na baada ya kustaafu akarudi kufundisha Zimbabwe. Vitabu vingi vya baadaye ni vya huko: wakulima na vita ya msituni (1985), milima ya Matopo (1999), jiji la Bulawayo (2010). Mwaka 2004, alipoona serikali ya Mugabe inatumia historia kuwagawa watu kati ya wazalendo na wasaliti, aliandika makala kali akiiita historia ya kizalendo, na akaitenganisha na ile ya kitaifa waliyoandika yeye na wenzake. Wapo wanaosema alikuwa analikana toto lake mwenyewe. Mimi naona alikuwa na haki ya kulikemea. Miaka hiyo pia alikuwa akiwaandikia ushahidi mahakamani Wazimbabwe waliokuwa wakiomba hifadhi Uingereza. Alifariki Oxford Januari 2015.

Nyangao1917

Nimekubali kiasi. Bado nasema Gwassa apewe uzi wake, na nitauandika mimi.

Mwana_Shangani

Tunausubiri mkuu, usiishie kuahidi.

Binti_Nachingwea

Na mimi naanza na nusu iliyokosekana. Bibi yangu ni kungwi, bado ana nguvu na anapenda kusimulia. Desemba nikienda kijijini nitamrekodi.

Mwl_Mstaafu_Lulindi

Binti yangu, kabla hujafika huko. Hizo sauti usizipandishe hapa. Humu wanaume wamejaa, na bibi yako ana wenzake ambao hawajaulizwa.

Binti_Nachingwea

Mwalimu, nalijua hilo. Ya ndani yatabaki ndani. Nitamuuliza ya nje: alicheza mwaka gani, kambi ilikuwa wapi, kungwi wake alilipwa nini, kuku au fedha, nani alikuja kuzuia na nani alikuja na sare ya kanisa. Watu wa kijiji kingine walialikwa au walifukuzwa. Kabla ya vijiji vya ujamaa ilikuwaje na baada ya kuhamishwa ikawaje.

Mwl_Mstaafu_Lulindi

Hayo uliza. Na umuulize na kitenge cha kumtoa mwali kilianza lini, maana mama zetu hawakuwa nacho.

KoroshoGhafi

Nimerudi. Mikorosho mmeshaimaliza?

Binti_Nachingwea

Bado. Kaa hapo hapo.